Maji ya bahari si dawa ya jeraha: maswali na majibu kuhusu chupa, misumari na taka za ufukweni

Hapa Zanzibar, kuanzia Nungwi na Kendwa mpaka Kiwengwa, Paje na Jambiani, kuna mgonjwa mmoja ambaye kila kituo cha afya cha pwani kinamjua. Anaingia akichechemea, mguu umefungwa kipande cha kanga. Ukimwuliza ameumia lini, hakwambii leo wala jana. Anakwambia, "Siku kidogo." Alikanyaga kigae cha chupa au msumari, akachovya mguu baharini, akaendelea na kazi. Sasa unyayo umevimba, unatoa usaha, na homa imeshapanda. Mara chache, lakini si mara chache ya kutosha, anakuwa amekuja na kitu kibaya zaidi ya usaha: pepopunda. Maswali haya ni yale tunayoulizwa kituoni kila siku.

Taka za ufukweni zinahusu nini afya? Si suala la kuharibu mandhari tu?

Mandhari wana watu wao wa kuyalilia. Mimi nalilia nyayo. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki sita, na kila mmoja ananywa kitu. Chupa ya soda ina thamani, inarudi kwenye kreti. Chupa ya mvinyo au ya pombe kali haina anayeidai, kwa hiyo inaishia kwenye shimo nyuma ya hoteli, kichakani, au inavunjwa palepale mchangani usiku wa sherehe. Ongeza mabanda ya makuti yanayojengwa na kubomolewa kila msimu, mbao zikibaki chini na misumari yake imetazama juu. Asubuhi inayofuata wanapita hapo watoto wa skuli, akina mama wa mwani, vijana wa mashua na mapapasi wanaowazungukia watalii, wengi wao peku.

Pepopunda ni nini hasa?

Ni ugonjwa unaoletwa na vijidudu vinavyokaa kwenye udongo, vumbi na vinyesi vya wanyama. Vikiingia ndani ya jeraha, hasa tundu jembamba na refu lisilopata hewa, vinatengeneza sumu inayoshika mishipa ya fahamu, na misuli inakaza bila kuachia. Hauambukizwi mtu kwa mtu. Na kutu si kosa lake: kigae cha chupa kinachong'aa, mwiba au kijiti kinaweza kukuletea pepopunda sawasawa na msumari wa kutu. Msijidanganye kwa kusema "kilikuwa kisafi".

Nikiosha jeraha kwa maji ya bahari, chumvi si inaua vijidudu?

Hapana.

Narudia kwa sababu najua nusu ya wasomaji wamesoma jibu hilo na hawakuliamini: hapana. Mbegu za kijidudu cha pepopunda ni ngumu mno. Zinastahimili jua, ukame na hata dawa nyingi za kuulia vijidudu, seuze chumvi ya bahari. Halafu maji ya bahari yenyewe si masafi. Yana vijidudu vyake, na penye nyumba za wageni zilizobanana ufukweni, au pale Mji Mkongwe mifereji inapomwagia majitaka pwani, unachovya jeraha bichi ndani ya kinyesi kilichozimuliwa. Maji ya bahari yanaondoa mchanga kwa juu, yanawasha, na yale mawasho ndiyo yanayompa mtu imani kuwa dawa inafanya kazi. Haifanyi kazi. Inawasha tu.

Lakini wazee wetu wamefanya hivyo miaka yote na wapo.

Waliopo ndio wanaosimulia. Walioondoka kwa pepopunda hawakai barazani kutoa ushahidi. Na bahari waliyoogea wazee haikuwa na mabomba ya hoteli wala chupa za mvinyo. Nawaheshimu wazee, lakini katika hili jibu halibadiliki: maji ya bahari si dawa ya jeraha.

Basi nikichomwa nifanye nini palepale?

Toka majini. Kama damu inatoka kwa nguvu, kandamiza kwa kitambaa safi, inua mguu na usiachie kila dakika kuchungulia. Damu ikipungua, osha kwa maji safi ya bomba au ya kunywa pamoja na sabuni, maji yakitiririka juu ya jeraha kwa dakika kadhaa. Sabuni ya kawaida ya kipande inatosha. Funika kwa kitambaa safi kikavu, halafu njoo kituoni.

Kama kigae kimezama na sehemu yake inaonekana nje, kipande kikubwa usikivute. Kinaweza kuwa ndicho kinachozuia damu. Njoo nacho hivyohivyo.

Sasa yale yasiyotakiwa, na hapa naomba radhi kwa ukali: msiweke majivu. Msiweke kahawa, mafuta ya taa, dawa ya meno wala kitunguu thomu kilichopondwa. Msipasue kapsuli na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Dawa ile ilitengenezwa kumezwa, na hapo inaganda juu kama saruji, usaha unabaki chini. Robo saa nzima naweza kukaa nabandua uji wa kahawa kutoka kwenye unyayo wa mtu aliyeumia huku anauma meno, na chini yake kipande cha kioo cha kijani, kidogo kuliko ukucha wa mtoto, kipo palepale kilipoingia. Kioo kwa kawaida huonekana kwenye picha ya eksirei. Kahawa haijawahi kukitoa.

Kidonda chenyewe kidogo, damu haikutoka sana. Kuna haja ya kwenda siku hiyohiyo?

Ndiyo, siku hiyohiyo. Hilo ndilo kosa ninalotaka likome. Watu hupima hatari kwa damu. Mkato mpana unaomwaga damu humtisha mtu, anakimbia hospitali. Tundu la msumari linajifunga juu kwa siku moja, mtu anafurahi, na ndani kule kusikopata hewa ndiko kijidudu cha pepopunda kinakokupenda.

Dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, mara nyingi kama wiki moja hivi. Ukija siku hiyohiyo tunasafisha mpaka ndani, tunakupa chanjo, na kama hujawahi kuchanjwa na jeraha ni chafu, kuna sindano nyingine ya kinga iliyo tayari inayofanya kazi mara moja. Chanjo pekee kwa mtu ambaye hakuwahi kuchanjwa huhitaji siku nyingi kuujengea mwili kinga, na siku hizo ndizo mnazotupotezea kwa kungoja "kama kitazidi".

Usingoje kizidi.

Mimi nilichanjwa utotoni. Si inatosha?

Haitoshi maisha yote. Mtoto hupata chanjo ya pamoja akiwa na wiki 6, 10 na 14, na ndani yake kuna ya pepopunda. Kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Wanawake wengi huongezewa dozi kila wanapokuja kliniki ya ujauzito, na aliyetimiza dozi zake tano amekaa vizuri. Wanaume je? Mwanamume wa Kizanzibari akishabebwa mgongoni na mama yake wiki ya 14, mara nyingi harudi tena kwenye chumba cha chanjo. Mvuvi wa miaka arobaini, dereva wa mashua, fundi wa makuti, mkata nyasi wa hoteli: hao ndio wanaokanyaga misumari na hao ndio wasio na kinga.

Kwa jeraha chafu, kama dozi yako ya mwisho imepita miaka mitano, unahitaji nyingine. Kama hukumbuki, tunahesabu hukupata. Hakuna madhara ya kutisha kwa kuongezewa. Mkono utauma siku moja mbili.

Dalili za pepopunda zikoje?

Huanza na taya. Mtu anashindwa kufungua kinywa, kijiko cha uji hakipiti baina ya meno. Shingo inakuwa ngumu, kumeza kunakuwa tabu, tumbo linakaza kama ubao. Baadaye mwili mzima unavutwa, mgongo unapinda kwa nyuma, na kila mshtuko mdogo unaamsha mvuto mwingine: mlango ukigongwa, taa ikiwashwa, hata mtu akiguswa. Ndiyo maana wodini tunamlaza chumba kilichotulia chenye mwanga hafifu. Na muda wote huo akili yake ni timamu. Anasikia kila mnachosema.

Nyumbani walisema ni shetani, tukaanza kwa mganga.

Najua, na sina ugomvi na mtu anayemsomea mgonjwa wake dua. Someni dua njiani, ndani ya gari, mkielekea hospitali. Taya iliyobana baada ya jeraha, hata jeraha lililokwishapona, ni hospitali saa hiyohiyo, si kesho asubuhi baada ya kufukiza. Mgonjwa huyu anahitaji dawa za kulegeza misuli na wakati mwingine kusaidiwa kupumua, na hivyo havipo kwenye chetezo.

Mama yangu analima mwani na ana sukari. Anasema haumii miguu.

Haumii kwa sababu hahisi, na hilo ndilo la kuogopa. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989 na tangu hapo akina mama wamekuwa wakishuka na maji yakitoka, saa nyingi wamesimama kwenye lagoni. Unyayo uliolowa unalainika, na kigae kinapita bila kubisha hodi. Mwenye sukari ya muda mrefu, mishipa ya fahamu ya miguu imeshachoka. Anatembea na kioo siku tano, na anakigundua kwa harufu.

Mnunulieni viatu vya mpira vyenye soli nene, vinavyofunga, si kandambili za kuchomoka kwenye tope. Jioni mtoto au mjukuu amtazame nyayo kwa tochi, na baina ya vidole. Akionekana na tundu, hata lisilouma, aje siku hiyohiyo. Nimewaona waliokuja wakati kidole kimeshakuwa cheusi, na hapo mazungumzo yanakuwa mengine: tukate wapi.

Nimechomwa na sindano iliyotupwa kwenye taka.

Osha kwa maji na sabuni. Usikamue, usinyonye. Njoo mara moja, usiku au mchana. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinaanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Unazimeza siku 28. Uwezekano wa kuambukizwa kwa sindano ya jaani ni mdogo, lakini hatukisii. Tutaangalia pia kinga yako ya homa ya ini aina ya B. Wafanyakazi wa hoteli mnaobeba mifuko ya taka: msiikandamize kwa mikono wala kwa mguu ili ijae zaidi.

Magonjwa mengine ya taka?

Yapo. Vifuu, makopo, matairi na vikombe vya plastiki vinashika maji ya mvua, na mbu wa homa ya dengi anazaliana humo, naye anauma mchana. Plastiki ikichomwa uani, moshi wake unaingia kwa watoto wenye pumu kwanza. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006 na bado naiona imenasa kwenye mikoko. Sheria peke yake haiokoti. Wapemba nanyi msitucheke. Ufukwe wenu wa Vumawimbi bado mzuri, lakini chupa zinakuja na mgeni popote aendapo.

Hoteli na nyumba za wageni zifanye nini?

Zitenge vioo peke yake, kwenye pipa gumu, si mfuko. Zilipie gari la taka mpaka jaa la Kibele badala ya kumpa kijana elfu mbili akatupe "huko nyuma". Huko nyuma ni kwa mtu. Ardhi yetu ya pwani ni jiwe la matumbawe lenye matundu. Unachofukia humo kinashuka kwenye maji ya kisima cha kijiji. Na wanaomiliki baa za ufukweni wawachanje wafanyakazi wao. Wanawapa fulana zenye nembo. Wanaweza kuwapa na ruhusa ya nusu siku kwenda kituoni.

Nilichomwa na msumari wiki iliyopita. Kimeshafunga, hakiumi. Nije au nimechelewa?

Njoo leo. Kufunga kwa juu hakunipi mimi habari yoyote ya ndani. Tutaangalia kama kuna kilichobaki, tutakuchanja, na hatutakugombeza sana. Chukua kadi yako ya chanjo kama unayo. Kama huna, usirudi nyumbani kuitafuta.