Dagaa kummeza sangara: nani hasa kamnunua nani?

"Mwanangu, hawa wataninunuaje mimi? Hata ghala hawana!"

Mzee huyu ananunua sangara Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, tangu mimi sijaanza shule. Juzi dalali alimletea karatasi za pendekezo: kikampuni kilichoorodheshwa soko la hisa, ambacho biashara yake ilishakufa, eti kinataka kuichukua kampuni yake. Kwake hiyo ni dagaa kummeza sangara.

Nikamwambia, mzee wangu, achana na nani anaitwa mnunuzi, tuhesabu hisa. Tuseme hicho kikampuni kina hisa milioni 10. Fedha ya kukulipa hakina, kwa hiyo kinatoa hisa mpya milioni 90, kinakupa wewe na wanao, nanyi mnakikabidhi hisa zenu. Jumla ni milioni 100, zenu 90. Mkutano mkuu ukiitwa, nani anachagua wakurugenzi?

Alinyamaza, kisha akacheka.

Huo ndio ununuzi wa kinyume. Aliyemezwa ndiye anashika usukani, tena ameingia sokoni bila kupita kwenye uuzaji wa hisa kwa umma. Nairobi waliufanya mwaka 2013: City Trust, iliyokuwa imeorodheshwa, iliichukua benki ya I&M, na leo jina lililobaki sokoni ni la I&M. Wahasibu nasi hatudanganyiki na majina. Kwa kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 3, hesabu za kundi huendelezwa kutoka kwenye vitabu vya mzee, maana mnunuzi halisi ni yeye.

Ninachoogopa ni kilichojificha ndani ya ganda la kikampuni hicho. Kampuni iliyolala haiji tupu: kuna kodi za zamani, kesi za wafanyakazi, dhamana iliyowekwa kwa mkopo wa mtu mwingine. Na hila nayo ipo pande zote mbili. Marekani kampuni kadhaa za China zilipita mlango huu, baadaye hesabu za baadhi zikabainika kuwa za uongo, ndipo mwaka 2011 masharti ya kuingia masoko makubwa yakakazwa.

Kwetu Tanzania wasimamizi wapo: kuna Tume ya Ushindani, kuna Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kuna soko lenyewe. Karatasi za dalali hazikutaja hata mmoja wao. Nilimshauri mzee aombe hesabu za kikampuni hicho za miaka mitano zilizokaguliwa. Tangu aombe, dalali hapokei simu.