Ukomo wa mwendo usio na kibao: unaandikwaje kwenye ramani ya pamoja

Dereva wa Tanzania na kibao cha 50 wanajuana. Akikiona tu, mguu unapanda kutoka kwenye mafuta, maana tochi inaweza kuwa imejificha nyuma ya mwembe. Ufaransa, ukiingia mjini, unakutana na kibao cheupe chenye ukingo mwekundu na jina la mji. Namba haipo. Jina lenyewe ndilo amri: kuanzia hapo mwisho ni kilomita 50 kwa saa, mpaka ulikute jina lilelile limekatwa kwa mstari mwekundu. Huo ndio ukomo wa kisheria wa eneo, yaani mwendo unaotawala pale ambapo hakuna kibao kilichosema vingine.

Kwenye OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, barabara ni mstari uliobandikwa lebo. Aliyeona kibao cha 70 anaandika maxspeed=70, kazi imekwisha. Kwa ukomo wa kisheria naye anaweza kuandika 50 akaondoka, na programu ya kuongoza madereva isilalamike. Ila namba hiyo haisemi imetoka wapi, kwenye kibao au kwenye kitabu cha sheria.

Hilo linaonekana dogo mpaka sheria ibadilike. Tarehe 1 Julai 2018, Ufaransa ilishusha ukomo kutoka 90 hadi 80 kwenye barabara za nje ya miji ambazo magari hupishana bila kizuizi katikati. Palipo na njia mbili za kuelekea upande mmoja, upande huo ulibaki na 90. Sasa wewe mchoraji unatazama mstari ulioandikwa 90: uubadilishe au uuache? Kuzifuta 90 zote kwa mkupuo ni kuharibu, na kuziacha ni kumdanganya dereva.

Ndiyo maana kuna lebo ya pili, source:maxspeed=FR:rural. FR ni Ufaransa, rural ni nje ya mji. Mjini ni FR:urban. Wengine hutumia maxspeed:type kwa kazi hiyohiyo, mambo ya wachoraji kutokubaliana majina. Ukiwa na lebo hiyo unaijua mistari ya kugusa.

Wapo wanaosema tuache patupu, programu ijipigie hesabu yenyewe. Mimi sikubali. Patupu panaweza kuwa na maana kwamba sheria inatosha, au kwamba hakuna aliyewahi kupita kukagua, na programu haiwezi kutofautisha. Isitoshe, mpaka wa mji uliochorwa kwenye ramani mara nyingi haukai pale kilipochomekwa kibao cha jina.

Desemba 2019 sheria nyingine iliruhusu wilaya za Ufaransa (département) kurudisha 90 kwenye baadhi ya barabara zake. Huko lazima vibao visimikwe, kwa hiyo mchoraji anarudi kwenye mstari uleule: maxspeed=90, na safari hii source:maxspeed=sign, yaani imetoka kwenye kibao.