"Dada, mng'arishe kidogo"

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Temeke alikuja kuchukua picha ya mama yake. Nilimpiga picha yule mama barazani kwake saa kumi na moja jioni, kakalia mkeka, kanga ya kijani begani. Picha ilitoka: kovu dogo juu ya nyusi linaonekana, hata ule uzambarau uliomo ndani ya weusi wa shavu. Kaka akaitazama, akasema, "Nzuri dada, ila mng'arishe kidogo. Si unajua ngozi zetu hazipigiki picha."

Nimesikia hivyo mara nyingi mpaka nimeacha kuhesabu.

Ngozi nyeusi inapigika. Asiyepigika ni mtu mweusi aliyesimamishwa mbele ya ukuta mweupe saa sita mchana. Kamera ikiachiwa yenyewe hupima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani. Ikikuta ukuta mweupe, kanzu au shela la bibi harusi, inadhani mwanga umezidi. Inapunguza, na uso unazama. Mpiga picha mvivu anakimbilia fleshi: paji linameta kama sufuria, mashavu yanakuwa majivu. Halafu lawama anabebeshwa mama.

Imani hii ina mahali ilikotoka. Enzi za filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak, kampuni ya filamu ya Marekani, zenye picha ya mwanamke mweupe. Mafundi walizibatiza jina la Shirley. Shirley akitoka vizuri, kazi imekwisha. Picha za darasa lenye watoto weupe na weusi zilibakiza kwa weusi macho na meno tu. Wazazi walilalamika, lakini waliosikilizwa zaidi ni watengeneza chokoleti na samani za mbao, waliokuja juu miaka ya 1970 kwamba rangi zao za kahawia hazitofautiani. Chokoleti! Mwaka 1977 mwongozaji sinema Jean-Luc Godard, akiwa na kazi Msumbiji, alikataa kutumia filamu za Kodak akisema zinawabagua weusi.

Sasa mtazame Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali. Alifungua studio Bamako mwaka 1948, akipiga picha za nyeusi na nyeupe uani, kwa mwanga wa jua, shuka lake la kitanda likiwa pazia la nyuma. Nyuso zile hazijazama. Alizijua sura za watu wake, na alijua jua la uani kwake linaingilia wapi.

Kwa hiyo mtoe mzee ukutani. Mkalishe mlangoni au chini ya mwembe, mwanga umjie ubavuni. Nyuma yake weka kitu chenye rangi: kanga, mlango wa mninga. Mwenzako ashike shuka jeupe upande wa pili limrudishie mwanga. Kwenye simu gusa uso kabla ya kupiga, na ule urembo wa kulainisha ngozi uuzime kabisa. Mimi poda pia siitaki, ingawa hapo najua nagombana na mashangazi wa mji mzima.

Ukimng'arisha, miaka 30 ijayo mjukuu atakayeuliza weusi wake kautoa wapi ataoneshwa bibi mwenye rangi ya maandazi. Na kovu litakuwa limefutwa. Yule kaka wa Temeke, nilipomwuliza mama alilipataje, alinyamaza. Hajawahi kumwuliza.

Imani nyingine za picha ninazozisikia nazipitia haraka.

"Nimeilaminisha ili idumu." Umeipika. Joto na gundi havibanduki tena, na kwa unyevu wa Dar kingo zikianza kuachia huna la kufanya. Bahasha ya karatasi inatosha, na majina nyuma kwa penseli laini.

"Picha za zamani walipiga wazungu tu." Capital Art Studio ya Zanzibar ilianzishwa na Ranchhod Oza, mwenye asili ya Kihindi, mwaka 1930. Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapahapa Dar mwaka 1963. Geuza picha za kabatini kwenu usome mihuri ya studio.

"Ipo kwenye grupu la familia, haipotei." WhatsApp huibana picha, ukiichapisha kubwa, nyusi zinakuwa vigae. Itume kama dokumenti, na ile halisi ihifadhi sehemu mbili. Simu ya mjomba iliyopasuka kioo siihesabu.