Hitilafu si virusi

"Ina virusi hii, dada. Tupige windo upya tu, tumalize."

Nilikuwa kwenye steshenari moja Chikongola, hapa Mtwara mjini, nasubiri kutoa kopi, na ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi kuisikia sentensi hiyo, kila mara kaunta tofauti. Kupiga windo upya ni kufuta Windows, mfumo unaoendesha kompyuta, na kuuweka tena. Dada mwenyewe anatunza hesabu za chama cha msingi cha korosho. Alichotaka ni kuhama Windows 10 kwenda Windows 11, maana Windows 10 ilifikia kikomo cha msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, Siku ya Nyerere. Kompyuta ikaanza vizuri, ikagoma njiani, ikaandika 0x80070070. Virusi haikuvitaja popote. Ilichosema ni kwamba kuna hitilafu.

Hitilafu, kwa mambo ya kompyuta, ni taarifa kwamba kazi imekwama kwa sababu kuna vitu havikupatana. Basi. Kinachonikera ni kuwa neno lenyewe linasema hivyo tangu lizaliwe.

Kaa kwenye darasa la msikitini pale Mikindani. Sheikh akifika kwenye suala ambalo wanazuoni hawakukubaliana atasema "hapa pana ikhtilafu", na hakuna atakayedhani kuna mtu anaumwa. Ni Kiarabu, ikhtilaf, yaani tofauti, kutokubaliana. Mzizi wake, kh-l-f, ndio uliotupa khalifa, ajaye nyuma ya mwenzake akashika nafasi yake, na pia mhalifu, aendaye kinyume. Na Kiswahili kililipokea na maana yake yote: ndugu wakivutana juu ya mikorosho ya marehemu baba yao tunasema wamehitilafiana, na anayeitwa hapo ni msuluhishi, haitwi mganga. Nadhani umeme ndio uliotuharibia. Kila nyumba ikiungua tunaambiwa chanzo ni hitilafu ya umeme, mpaka neno likaanza kunuka moshi. Leo mtu akiliona kwenye kioo cha kompyuta anajua kitu kimeungua.

Wapo wanaosema "kosa". Nalo silipendi hapa, kwa sababu kosa lina mkosaji. Yule dada alikuwa ameshaanza kujitetea: "Mimi sijagusa kitu, kaka." Na kweli hakugusa.

Turudi kwenye ile namba, maana watu huiona kama hirizi na huku inasomeka. 0x ya mwanzo inakwambia tu kwamba hesabu hii inahesabiwa kwa kumi na sita badala ya kumi. 8007 inasema jambo limeshindikana, na sababu itafutwe kwenye orodha ya kawaida ya hitilafu za Windows. Zinazobaki ni 0070. Saba mara kumi na sita ni 112, na kwenye orodha hiyo 112 ni diski imejaa. Hapo hakuna siri. Toleo jipya linataka diski ya GB 64 au zaidi, na likiingia halilifukuzi la zamani papo hapo. Hulihifadhi kwenye folda ya Windows.old kwa siku kumi, ili ukijuta urudi. Kwa hiyo wageni wawili wanataka kulala chumba kimoja, na chumba cha dada kilikuwa kimejaa video za harusi ya Masasi.

Nyingine nazo ni ugomvi wa aina hiyohiyo. 0xC1900101 mara nyingi ni draiva, yaani programu inayounganisha Windows na kifaa kama printa, ya zamani isiyopatana na mfumo mpya: chomoa printa na vikorokoro vyote, sasisha draiva, ujaribu tena. 0xC1900208 ni programu uliyoiweka mwenyewe ambayo toleo jipya haliitaki. 0xC1900200 ni mashine kutofikia masharti, na hapo kwanza ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, uangalie kama TPM 2.0, kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakidai, imezimwa tu. Kwenye mashine za Intel huitwa PTT, kwenye za AMD fTPM. Kama prosesa yenyewe ni ya zamani mno, hitilafu hiyo haina msuluhishi.

Simlaumu fundi. Kupiga windo upya huondoa hitilafu nyingi kweli, ila ni sawa na kupatanisha ndugu kwa kumzika mmoja. Na anayezikwa huwa ni diski C, panapokaa Windows, pamoja na daftari lote la wakulima la msimu mzima.

Tulihamishia zile video kwenye diski ya nje, karibu GB 40, kopi zangu zikisubiri pembeni. Safari hii ilipita pale ilipokuwa inagomea. Fundi akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, dada asisikie: "Kwa hiyo, bro, virusi havikuwepo?"

Nikamwambia huenda vimo, sikuvitafuta. Ila kompyuta haikusema hivyo.