Kabla hujachangisha kiingilio cha ligi ya gemu, soma hapa

Hela ya korosho ikianza kutembea mtaani, huku Mtwara na vibanda vya gemu navyo vinachangamka, Chikongola, Magomeni, Shangani mpaka Mikindani kule, na mi simu zinaanza. Wakili, eti gemu lina sheria? Halafu mtu anajijibu mwenyewe, si halina, Bunge halijatunga. Sasa sikia, sheria yenye jina la ligi za gemu kweli hatuna, ila ukishakusanya hela za watu, ukaahidi zawadi na ukasainisha watoto, umeshaingia kwenye sheria zilizokuwepo hata kabla hujashika padi ya gemu.

Tuanze na hela maana ndo penye ugomvi. Kuna tangazo nimelikuta ukutani kwenye kibanda kimoja, limeandikwa kwa maka peni: KIINGILIO 5,000, MSHINDI ANABEBA MZIGO WOTE, OFISI INAKATA ASILIMIA 10. Chini yake mtu kaongezea kwa kalamu ya bluu, wa nje ruksa kuweka. Hayo maneno manne ya chini ndo yamenitisha. Anayecheza anashindana kwa uwezo wake, hilo naweza kusimama nikalitetea, lakini yule aliyekaa kwenye benchi akaweka buku mbili kwa dogo wa jezi nyekundu huyo anabeti, na wewe unayepokea hela yake na kukata asilimia umefungua ofisi ya kubeti bila leseni. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 inataka uwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa, sasa hebu angalia hapo kibandani kwako waliokaa wana umri gani. Na ukidhulumiwa huo mzigo usinitafute, Sheria ya Mikataba inayahesabu makubaliano ya kuwekeana namna hiyo kuwa batili, hakuna hakimu wa kukudaia.

Alafu kubeti kunazaa kuuza mechi. Korea Kusini 2010 wachezaji wa gemu la vita la StarCraft, tena wengine mastaa, waligundulika wanapokea hela ili wapoteze mechi, wakafungiwa maisha.

Ushauri wangu huwa huu: zawadi ijulikane kabla ligi haijaanza na itoke kwa mdhamini, mwenye duka la simu au yeyote, kiingilio kiishie kwenye umeme na padi. Kanuni ziandikwe, zibandikwe, kila mtu asaini. Umeme ukikatika dakika ya 80 mtu anaongoza mbili bila, inarudiwa au matokeo yanabaki? Umeme wa huku tunaujua wenyewe, kwaiyo hicho kipengele kitakuokoa kuliko sheria yoyote ya Dodoma. Mkitaka kuwa chama kabisa cha mkoa, kuna Msajili wa vyama vya michezo pale Baraza la Michezo la Taifa (BMT), hilo ni la fomu tu sina maneno mengi.

Jambo ambalo watu hawalifikirii kabisa ni hili, mpira wa miguu hauna mwenyewe. Ukiandaa ndondo pale uwanjani huombi ruhusa kwa mtu aliyebuni mpira. Gemu lina mwenyewe. eFootball ni mali ya kampuni ya Konami, EA Sports FC ni ya Electronic Arts (EA), na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Ile sehemu unabonyeza "nakubali" bila kusoma, huo ni mkataba, wanaweza kukufungia akaunti katikati ya ligi na huna refa wa kumlilia. Hao hao Wakorea, chama chao kiliuza haki za kurusha StarCraft kwenye tivii, Blizzard wenye gemu wakasema nyie mmeuza kitu cha nani? Wakavutana miaka mpaka mahakamani, wakapatana 2011. Kampuni nyingi zimeweka masharti ya ligi ndogo kwenye tovuti zao, kasome kabla hujachapisha bango. Na bango lenyewe acheni kuandika LIGI YA FIFA na ile nembo, EA wenyewe, waliokuwa wanaliita gemu lao FIFA, jina hilo wameliacha tangu 2023.

Kwa watoto ndo naumia zaidi. Kuna mama alikuja na karatasi moja, kijana wake wa miaka 16 kasainishwa na mtu anayejiita meneja, asilimia 60 ya ushindi wote ni ya meneja kwa miaka mitano. "Baba, huyu kasaini mwenyewe, sasa tumefungwa?" Nikamwambia hapana mama, chini ya miaka 18 hana uwezo wa kuingia mkataba wa namna hiyo, haumbani. Ufaransa wenzetu waliliandikia hili sheria 2016, mtoto chini ya miaka 12 haingii kabisa mashindano ya zawadi za hela, wa chini ya 16 sehemu ya kipato chake inawekwa akiba mpaka akue, na mchezaji wa kulipwa ana mkataba wa ajira unaoeleweka. Sisi tunayo Sheria ya Mtoto ya 2009 ya kuanzia, ila ya akiba ningeiiba kesho.

Yule meneja alinipigia baadae, mpole kweli, anataka kuleta mkataba mpya mama ndo asaini. Nikamwambia alete, ila hiyo 60 aje kunieleza anaifanyia kazi gani.