Neiguan: pointi ya mkononi ya kutuliza kichefuchefu

Neiguan ni nini?
Ni pointi ya tiba ya jadi ya Kichina iliyo upande wa ndani wa mkono, juu kidogo ya kifundo. Vitabu vya leo huiandika PC6. Geuza kiganja juu, kisha laza vidole vitatu vya mkono wa pili kuanzia kwenye mkunjo wa kifundo kuelekea kiwiko. Pale upana wa vidole unapoishia, tafuta bonde kati ya kano mbili. Kunja ngumi na upinde kifundo kidogo, zitajitokeza. Ukiona moja tu usishtuke, wapo wengi waliozaliwa bila ile ya pili. Bonyeza ubavuni mwake, upande wa kidole cha mwisho.

Nibonyeze vipi?
Kwa dole gumba, kwa nguvu ya wastani, dakika mbili au tatu, halafu uhamie mkono wa pili. Ukihisi ganzi au kama umeme vidoleni, legeza: chini ya hapo inapita neva kubwa inayokwenda kiganjani. Usiguse penye jeraha au uvimbe, wala mkono unaotumika kusafishia damu kwa wagonjwa wa figo.

Wachina waliitumia kwa nini?
Kwa kichefuchefu, kutapika, kwikwi, mapigo ya moyo kwenda mbio, kifua kubana na kukosa usingizi. Wanasema nguvu ya tumbo, qi, inapaswa kushuka. Ikipanda, mtu hutapika. Njia ambazo wanasema qi hupita mwilini hazijaonekana kwa mpasuaji yeyote, lakini kosa la maelezo si lazima liwe kosa la dawa.

Kuna ushahidi?
Kwa kichefuchefu, upo. Miaka ya 1980 John Dundee, daktari wa nusukaputi huko Belfast, aliijaribu kwa wagonjwa wa upasuaji. Mwaka 2015 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 59 na kukuta kwamba kuichochea pointi hii kunapunguza kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji, ukilinganisha na tiba ya kuigiza, yaani inayofanana nayo lakini si yenyewe. Kwa wajawazito matokeo yanakinzana. Zile bangili za kitambaa zenye kifungo, wanazovaa wasafiri wa baharini, hubonyeza hapahapa.

Mjamzito aitumie?
Anaweza. Haimo kati ya pointi ambazo wajawazito hukatazwa, kama Hegu iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ila akishindwa kubakiza hata maji tumboni, au mkojo ukiwa mweusi na kidogo, aende kliniki siku hiyohiyo. Na yeyote anayetapika huku ana homa apime malaria kwanza.

Kifua kikibana je, si ni pointi ya moyo?
Hapa nawakatalia wakale. Maumivu ya kifua yanayosambaa begani au tayani, yakiambatana na jasho jembamba au pumzi kukata, ni ya hospitali, tena haraka. Usikae ukibonyeza mkono.