Pito la Shipka: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Pito la Shipka, njia ya kupenya milimani, liko katika milima ya Balkan, nchini Bulgaria, kati ya miji ya Gabrovo na Kazanlak. Humo ndimo Warusi na Wabulgaria walipopigana na majeshi ya Dola ya Osmani (Waturuki) mwaka 1877. Sifa zake zimeenea mbali, ila nyingi husimuliwa nusunusu.

Dhana: Kumbukumbu ni ule mnara tu.
Mnara wa mawe, wenye urefu wa mita 31.5, ulijengwa kwa michango ya wananchi na kufunguliwa mwaka 1934. Unastahili heshima zote. Lakini kinachohifadhiwa ni uwanja wa mapigano wenyewe: miamba, sehemu za mizinga, makaburi ya pamoja. Nenda hadi Orlovo Gnezdo, ile miamba ambako risasi zilipowaishia, walinzi wa pito waliwaporomoshea adui mawe. Tarehe 23 Agosti wamebaki kidogo washindwe, askari wa msaada wakafika, wengine wamepakiwa wawili wawili juu ya farasi wa Wakosaki, askari wapandafarasi wa Urusi. Anayepiga picha mnarani na kuondoka hajaiona Shipka.

Dhana: Yote yalikwisha Agosti.
Hili ndilo linaloniuma zaidi. Suleiman Pasha, jemadari wa Osmani, alishambulia tena Septemba akarudishwa nyuma, kisha ikaja theluji. Kwa miezi kadhaa askari walikaa mahandakini, makoti yamegandamana na barafu mwilini, miguu ikioza kwa baridi. Makao makuu yalipokea taarifa kwamba Shipka ni shwari. Ni kweli, mizinga ilikuwa imetulia; baridi ndiyo iliyokuwa ikiangusha watu kuliko risasi, na vikosi vizima vikabaki havifai tena kupigana. Pito lilikombolewa kabisa Januari 1878, jeshi la Osmani liliposalimu amri karibu na kijiji cha Sheynovo. Hao wa majira ya baridi hawatajwi sana, kwa sababu hawakufa wakirusha mawe.

Dhana: Kengele za kanisa la kijijini ni pambo.
Kanisa hilo la kumbukumbu, lililozinduliwa mwaka 1902 katika kijiji cha Shipka chini ya mlima, lina kengele zilizotengenezwa kwa maganda ya risasi yaliyookotwa baada ya mapigano.

Dhana: Lile jengo la zege la mviringo ni la mashujaa wa Shipka.
Hapana. Liko Buzludzha, kilele kingine cha milima hiyohiyo. Lilifunguliwa mwaka 1981 na Chama cha Kikomunisti kukumbuka mkutano wa wasoshalisti wa 1891, miaka 13 baada ya vita kwisha.